Programu ya C inapogoma kuleta masasisho kutoka repo ya mbali: dalili na vyanzo vyake

Simu iliingia saa moja asubuhi kutoka Kibaigwa. "Kaka, za asubuhi. Bei kwenye skrini bado ni za juzi, na wakulima wameshaanza kushusha magunia."

Tuna kompyuta ndogo za Raspberry Pi kwenye maghala matatu ya mkoa wa Dodoma: Kibaigwa, Mpwapwa na Kondoa. Kila moja inaendesha programu fupi ya C iliyojengwa juu ya maktaba ya libgit2, inayoiwezesha programu kutumia Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili. Kila nusu saa programu inakwenda kwenye repo ya mbali, yaani hazina ya Git iliyo kwenye seva, inaleta masasisho ya faili la bei na kuyaweka kwenye skrini. Mkulima aliyetoka na mahindi kijijini anapaswa kuona bei ya leo. Akiona ya juzi, anaweza kuuza kwa hasara. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Asubuhi ile logi ilikuwa na mstari mmoja tu: "imeshindwa, -1". Hapo hata fundi mzoefu hana pa kuanzia.

## Kabla ya yote, ifanye programu iseme

Fanksheni nyingi za libgit2 zinarudisha namba. Sifuri au zaidi ni salama, chini ya sifuri ni kosa. Lakini -1 ni kosa la jumla tu, halielezi kitu. Maelezo yenyewe yanapatikana kwa `git_error_last()`, nayo lazima yasomwe papo hapo, kwenye uzi (thread) uleule uliokosea, kabla hujaita fanksheni nyingine ya maktaba.

```c
static int angalia(int rc, const char *hatua)
{
    if (rc < 0) {
        const git_error *e = git_error_last();
        fprintf(stderr, "%s: %d: %s\n", hatua, rc,
                (e && e->message) ? e->message : "hakuna maelezo");
    }
    return rc;
}
```

Kisha kila hatua ipitie humo, kwa jina lake:

```c
git_fetch_options chaguo = GIT_FETCH_OPTIONS_INIT;
int mara = 0;

git_libgit2_init();
if (angalia(git_repository_open(&repo, "/srv/bei"), "kufungua") < 0) goto mwisho;
if (angalia(git_remote_lookup(&mbali, repo, "origin"), "origin") < 0) goto mwisho;

chaguo.callbacks.credentials = toa_hati;
chaguo.callbacks.payload = &mara;
angalia(git_remote_fetch(mbali, NULL, &chaguo, NULL), "kuleta");
```

Namba chache zinafaa kukaa kichwani: -3 ni kitu hakijapatikana, -7 ni kolibeki yako mwenyewe imesimamisha kazi, -13 ni mgongano wa mafaili, -14 ni faili limefungwa, -16 ni utambulisho umekataliwa, -17 ni cheti cha seva kimekataliwa, na -36 ni mwenye folda siye anayeendesha programu. Kolibeki ni fanksheni unayoiandika wewe, lakini anayeiita ni maktaba.

## Terminali inaleta, programu haileti

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Kijana anaandika `git fetch` kwenye terminali, inafanya kazi. Anaendesha programu yake, kwenye folda ileile, inakataa. Anahisi maktaba ni mbovu.

Maktaba si mbovu. Libgit2 haiiti amri ya git kwa siri. Ni utekelezaji mwingine wa kanuni za Git, ulioandikwa kwa C tangu mwanzo. Ile amri ya terminali imebeba wasaidizi wengi usiowaona: kuna anayekumbuka nenosiri, kuna programu ya ssh (njia salama ya kuingia kwenye seva) yenye mipangilio yake, kuna anayejua proksi ya ofisi, yaani seva ya kati inayopitisha mtandao. Ukihamia kwenye maktaba, wasaidizi hao wanabaki mlangoni, na kazi zao zinakuwa zako. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinatokana na hilo hilo.

"remote authentication required but no callback set". Repo inadai utambulisho na hujaweka kolibeki ya `credentials`. Mpangilio wa `credential.helper` uliouweka kwenye git hausomwi na libgit2. Ukiwa na nenosiri lililohifadhiwa humo, programu yako hailioni.

"unsupported URL protocol". Anwani ni ya ssh, lakini maktaba ilikompailiwa bila ssh. Usibahatishe, iulize yenyewe: `git_libgit2_features() & GIT_FEATURE_SSH`. Ikitoka sifuri, jenga upya maktaba kwa `-DUSE_SSH=ON` huku libssh2 ikiwa imeshasakinishwa pamoja na mafaili yake ya ukompaili. Vinginevyo hamia anwani ya https.

Proksi. Kuna ofisi hapa mjini ambazo mtandao wake wote unapita kwenye proksi. Git ya terminali inasoma `http.proxy` na kupita. Libgit2 kwa kawaida haijaribu proksi yoyote mpaka uiambie, kwa mstari mmoja: `chaguo.proxy_opts.type = GIT_PROXY_AUTO;`. Nilipoteza siku nzima kabla sijaujua mstari huo. Siku hiyo ujumbe ulikuwa wa kushindwa kuunganisha tu, bila neno proksi popote.

## Inazunguka bila kumaliza, au -16

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanaumia hapa.

Seva ikikataa hati ulizotoa, libgit2 haikati tamaa. Inaiita kolibeki yako tena, ikidhani safari hii utaleta hati nyingine. Ukirudisha ufunguo uleule, inakataliwa, inakuita tena. Kwa https, mwisho wake ni ujumbe "too many redirects or authentication replays". Kwa ssh inaweza kuzunguka bila kikomo. Skrini haina kosa, logi iko kimya, prosesa imepamba moto. Ukiona hivyo, usitafute tatizo kwenye mtandao, angalia ufunguo.

Kolibeki yenye adabu inahesabu mara ilizoitwa:

```c
static int toa_hati(git_credential **out, const char *url,
                    const char *jina, unsigned int aina, void *payload)
{
    int *mara = payload;
    (void)url;
    if (++*mara > 3) {
        git_error_set_str(GIT_ERROR_CALLBACK, "hati zimekataliwa");
        return GIT_EAUTH;
    }
    if (aina & GIT_CREDENTIAL_USERNAME)
        return git_credential_username_new(out, "git");
    if (aina & GIT_CREDENTIAL_SSH_KEY)
        return git_credential_ssh_key_new(out, jina ? jina : "git",
            "/home/bei/.ssh/id_ed25519.pub",
            "/home/bei/.ssh/id_ed25519", NULL);
    return GIT_PASSTHROUGH;
}
```

Rudisha `mara` kuwa sifuri kabla ya kila safari ya kuleta, la sivyo safari ya pili itakufa bila kosa lolote la haki.

Sasa, kwa nini ufunguo unakataliwa? Nenda kwa mpangilio huu.

Angalia njia ya faili kwanza. Katika C, alama ya `~` ni herufi kama herufi nyingine. Anayeigeuza kuwa folda ya nyumbani ni sheli, na hapa hakuna sheli. Ukiandika `"~/.ssh/id_ed25519"`, maktaba inatafuta folda inayoitwa `~` na haiipati.

Halafu uliza nani anaendesha programu. Ukiijaribu kwa mkono, wakala wa ssh, programu inayokushikia funguo, yupo. Ikiendeshwa usiku na cron, kipanga-ratiba cha Linux, `SSH_AUTH_SOCK` haipo na `git_credential_ssh_key_from_agent` haina wa kumuuliza. Kwenye vifaa vya maghalani nimeacha kabisa kutegemea wakala. Kila kifaa kina ufunguo wake, wa kusoma tu, bila nenosiri, na folda yake imefungwa kwa `chmod 700`.

Kisha aina ya ufunguo. GitHub hawapokei saini za RSA zinazotumia SHA-1 kwa funguo zilizoongezwa baada ya tarehe 2 Novemba 2021. Libssh2 ilipata uwezo wa kusaini RSA kwa SHA-2 katika toleo la 1.11, mwaka 2023. Kwa hiyo kifaa chenye libssh2 ya zamani na ufunguo wa RSA wa baada ya hapo kinakataliwa, ingawa ssh ya terminali kwenye kifaa hichohicho inapita kwa ufunguo huohuo. Tengeneza ufunguo wa ed25519. Libssh2 iliyojengwa na OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi inauelewa tangu toleo la 1.9.

Kwa wanaotumia https: GitHub hawapokei nenosiri la akaunti kwa kazi za git tangu tarehe 13 Agosti 2021. Weka tokeni mahali pa nenosiri kwenye `git_credential_userpass_plaintext_new`, na uandike tarehe ya tokeni kuisha mahali utakapoiona. Tokeni ikiisha muda, dalili yake ni hizi hizi.

## -17: cheti kimekataliwa

Ghala la Kibaigwa hutulia sana kabla ya mavuno. Mwaka mmoja kifaa chetu kilizimwa Januari, kikawashwa Mei mahindi yalipoanza kuingia. Kikasema "the SSL certificate is invalid". Cheti cha seva kilikuwa kizima kabisa.

Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Ikizimwa, inakumbuka wakati wa mwisho iliouhifadhi, na ikiwashwa inaanzia hapo mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Kifaa chetu kiliamini bado ni Januari. Cheti cha seva kilikuwa kimetolewa Machi. Kwa macho ya kifaa, cheti hicho kilikuwa cha siku zijazo, na kifaa kilikuwa sahihi kukikataa.

Andika `date` kabla ya kugusa chochote. Kama saa ndiyo tatizo, izuie programu isianze mpaka saa ikae sawa: kwenye systemd washa `systemd-time-wait-sync.service` na uweke `After=time-sync.target` kwenye huduma yako. Kama saa iko sawa, angalia kama kifurushi cha `ca-certificates` kimo. Mifumo iliyopunguzwa sana mara nyingi haina.

Kwa ssh, -17 ina maana nyingine. Tangu libgit2 1.5.1 ya Januari 2023, maktaba inalinganisha ufunguo wa seva na faili la `known_hosts`, na kama seva haimo humo inakataa. Mtumiaji `bei`, ambaye ndiye anayeendesha programu yetu, hajawahi kuingia kwa ssh popote, faili lake ni tupu. Ongeza ufunguo wa seva humo baada ya kuulinganisha na ule ambao wenye seva wameutangaza. GitHub walibadilisha ufunguo wao wa RSA tarehe 24 Machi 2023, na vifaa vilivyokuwa vimehifadhi wa zamani vilisimama siku hiyo. Vilisimama kwa haki.

Utakutana na watu wanaokushauri kuweka kolibeki ya `certificate_check` inayorudisha 0 kila mara. Nakusihi usifanye. Kosa litatoweka, lakini kuanzia hapo yeyote aliye katikati ya mtandao anaweza kuwaandikia wakulima bei anayoitaka yeye.

## Imeganda katikati

Ukiona "failed to resolve address", jina la seva halijatafsiriwa: mtandao haupo, au DNS haijibu. Hilo ni rahisi. Gumu ni pale muunganisho unapofunguka halafu data inaacha kuja. Modemu imeshika mnara, taa ya kijani inawaka, na programu inasubiri kwa saa tatu.

Tangu toleo la 1.7 unaweza kuweka ukomo, kwa milisekunde:

```c
git_libgit2_opts(GIT_OPT_SET_SERVER_CONNECT_TIMEOUT, 15000);
git_libgit2_opts(GIT_OPT_SET_SERVER_TIMEOUT, 60000);
```

Angalizo: Debian 12 ina libgit2 1.5, na Ubuntu 22.04 ina 1.1. Huko chaguo hizi hazipo na programu haitakompailika. Ubuntu 24.04 ina 1.7. Kama huwezi kupanda toleo, iendeshe kwa `timeout 300 ./leta-bei`. Si suluhisho zuri sana, lakini Mpwapwa limetuokoa msimu mzima.

Jambo la kuumiza ni kwamba Git haiendelezi upakuaji uliokatika. Ukikatika kwenye asilimia 95, safari ijayo inaanza sifuri, na bando limekwenda. Kwa hiyo usiweke picha na video kwenye repo inayoletwa kwa mtandao wa simu. Repo ya bei iwe ya bei tu. Kama historia ni ndefu na huihitaji, `chaguo.depth = 1` kwenye toleo la 1.7 na kuendelea inaleta komiti ya mwisho peke yake, yaani toleo la mwisho lililohifadhiwa.

Pima unachotumia. Baada ya kuleta, `git_remote_stats(mbali)` inakupa `received_bytes`. Iandike kwenye logi kila siku na utaona mapema repo inaponenepa.

Kama umeweka kolibeki ya `transfer_progress` na kazi inakatika kwa namba isiyoeleweka, tazama mwisho wa fanksheni yako. Huenda umesahau `return 0;`.

## Imeleta vizuri, lakini hakuna kilichobadilika

Namba ni 0. `received_bytes` si sifuri. Bei ni za juzi. Hiyo ndiyo hali tuliyobaki nayo Kibaigwa asubuhi ile, baada ya kurekebisha logi na kuondoa ile -1.

`git_remote_fetch` inaleta komiti mpya na kusogeza alama za `refs/remotes/origin/`. Haigusi tawi lako wala mafaili yaliyo kwenye folda. Na libgit2 haina fanksheni moja inayofanya kazi ya `git pull`. Hatua ya pili ni yako:

```c
git_reference_lookup(&rejea, repo, "refs/remotes/origin/main");
git_annotated_commit_from_ref(&mpya, repo, rejea);
git_merge_analysis(&hali, &pendeleo, repo,
                   (const git_annotated_commit **)&mpya, 1);

if (hali & GIT_MERGE_ANALYSIS_FASTFORWARD) {
    const git_oid *id = git_annotated_commit_id(mpya);
    git_checkout_options co = GIT_CHECKOUT_OPTIONS_INIT;
    co.checkout_strategy = GIT_CHECKOUT_SAFE;
    git_object_lookup(&lengo, repo, id, GIT_OBJECT_COMMIT);
    if (angalia(git_checkout_tree(repo, lengo, &co), "mafaili") == 0) {
        git_repository_head(&kichwa, repo);
        git_reference_set_target(&kichwa2, kichwa, id, "sasisho la bei");
    }
}
```

Nimeacha ukaguzi wa makosa kwenye mistari mingine ili msomaji aone mfuatano. Wewe usiuache.

Mpangilio ni muhimu: mafaili kwanza, tawi baadaye. Ukisogeza tawi kwanza kisha ukaomba `GIT_CHECKOUT_SAFE`, maktaba inalinganisha folda na komiti mpya, inaona mafaili ya zamani kama mabadiliko uliyoyafanya wewe, na inayaheshimu. Bei zinabaki za juzi na hakuna kosa hata moja.

Ukipata "1 conflict prevents checkout", mtu amegusa faili kwenye kifaa. Kondoa msimamizi alisahihisha bei kwa mkono, kwa nia njema kabisa. Kwa kifaa cha kuonesha tu, tumia `git_reset` kwa `GIT_RESET_HARD`. Kwa kompyuta ambayo mtu anafanyia kazi, kamwe usifanye hivyo bila kumuuliza.

Wakati mwingine hata `refs/remotes/origin/main` yenyewe haisogei. Fungua `.git/config`. Chini ya `[remote "origin"]` panatakiwa kuwa na:

```
fetch = +refs/heads/*:refs/remotes/origin/*
```

Repo iliyonakiliwa kwa tawi moja tu itakuwa na mstari mwembamba zaidi unaolitaja tawi hilo pekee. Ukitumia `git_remote_create_anonymous` mstari haupo kabisa, na kinacholetwa kinaandikwa kwenye `FETCH_HEAD` tu. Angalia pia kama tawi limebadilishwa jina kutoka `master` kuwa `main`. Tawi la zamani likifutwa kule, alama yake ya huku inabaki mpaka uweke `chaguo.prune = GIT_FETCH_PRUNE`, kwa hiyo programu inaweza kuendelea kusoma tawi lililokwisha kufutwa miezi iliyopita.

## Baada ya umeme kukatika

"failed to lock file" na -14: programu iliuawa ikiwa imeshika faili, na faili lenye mwisho wa `.lock` limebaki ndani ya `.git`. Hakikisha kwa `ps` kwamba hakuna programu nyingine inayoendelea, kisha lifute.

"corrupted loose reference file": faili la alama limebaki tupu kwa sababu data haikuwahi kufika kwenye kadi. Libgit2 kwa kawaida hailazimishi diski kuandika papo hapo. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, iwashe mwanzoni mwa programu:

```c
git_libgit2_opts(GIT_OPT_ENABLE_FSYNC_GITDIR, 1);
```

Inapunguza kasi kidogo. Tangu tuiwashe, Kondoa haijapoteza repo. Kwa ile iliyokwisha kuharibika, kama kifaa hakina kazi ya mtu ndani yake, futa faili la alama lililo tupu chini ya `refs/remotes` ulete upya. Ikiwa vitu vyenyewe vimeharibika, nakili repo upya.

Chungulia pia `.git/objects/pack`. Mafaili yenye `_git2_` kwenye jina ni mabaki ya safari zilizokatika. Yanaweza kujaza kadi ya GB 8 bila mtu kujua.

## Mengine kwa ufupi

Programu inaanguka mara tu inapoanza: umesahau `git_libgit2_init()`.

"invalid version 0 on git_fetch_options", au inaanguka ndani ya `git_remote_fetch`: umetangaza `git_fetch_options chaguo;` bila `GIT_FETCH_OPTIONS_INIT`, na pointa za kolibeki zina takataka za kumbukumbu.

Inakompailika lakini inafanya mambo ya ajabu: umetumia mafaili ya `.h` ya toleo moja na maktaba ya toleo jingine. Acha kuandika njia kwa mkono, tumia `pkg-config --cflags --libs libgit2`.

Anwani inaanza na `git://` na muunganisho haujibu: GitHub walizima njia hiyo moja kwa moja mwezi Machi 2022. Badilisha kuwa https au ssh.

-36, "is not owned by current user": repo ilinakiliwa na root na programu inaendeshwa na `bei`. `chown -R bei:bei /srv/bei`, kisha endesha tena na usome logi.